Jibu: Mtoto asiyesema analia akiogeshwa

Mama, umeuliza kwa nini kijana wako wa miaka 9, asiyesema, analia kila mnapomwogesha hapo Kadutu, mjini Bukavu. Mara nyingi ni kwamba hajui kinachokuja. Kabla ya maji, mpe mkononi kitambaa kilekile cha kuogea kila mara, ili kimjulishe kwamba kuoga kunakuja, sema "kuoga" mara moja, kisha nyamaza na uhesabu polepole hadi 15. Hapa ndipo watu huharakisha, na jibu lake linapotea: jicho kugeuka, pumzi kubadilika, vidole kukakamaa. Andika kila ishara na maana unayoidhania, ili wote nyumbani wamjibu vilevile. Kitambaa hicho kisitumike kufuta meza, kitamchanganya. Itachukua wiki nyingi, tafadhali usikate tamaa. Lakini kama kilio kilianza ghafla, tafuta maumivu kwanza: masikio, meno, choo kigumu. Mpeleke kwa daktari.