Maji Yalikuwa Yanang'aa: Kabla Hujanunua Nyumba Yenye Bwawa la Kuogelea

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, mimi na mume wangu tumepata nyumba. Ina bwawa la kuogelea, maji yanang'aa mpaka unahesabu vigae vya chini. Dalali anasema kumleta fundi wa mabwawa ni kutupa hela. Wewe unaonaje?"

Nilipofika kwenye "yanang'aa" nikaweka simu chini. Mke wangu akauliza kulikoni, nikamsomea. Alicheka, akatoka chumbani bila kusema neno. Ana haki. Huu ni mwaka wa tatu, na neno hilo bado halitajwi kwetu bila mtu kuguna.

Wengi mnakumbuka tulipohamia hapa. Niliweka picha za bwawa, mkanipongeza, nami nikazipokea pongezi zote kimya kimya huku nikijua kuna kitu hakiko sawa. Leo nasema ukweli, na najua ninasema na watu wanaotaka kile nilichotaka mimi: nyumba yako mwenyewe, watoto wanaruka majini, wewe umekaa pembeni umenyoosha miguu, huna wa kumuomba ruhusa. Ndoto hiyo si dhambi. Lakini ndiyo iliyonifunga macho.

Nyumba tuliiona mara mbili kabla ya kununua. Mara zote mbili kulikuwa na mpira wa kumwagilia umelala ukingoni mwa bwawa, mdomo wake umezama majini. Nikadhani wametoka kumwagilia bustani. Kwenye pembe ya kina kirefu palikuwa na chungu kikubwa cha maua, kizuri kweli, na muuzaji akasema angetuachia kama zawadi. Nikaguswa. Mke wangu hakuguswa. Alinivuta pembeni, "Baba watoto, tutafute mtu anayejua mabwawa aje alitazame." Muuzaji akasikia. Akatabasamu, akaniambia mimi, si yeye, "Mzee, maji si unayaona mwenyewe?"

Na mimi, mwanamume mzima mwenye elimu yake, nikamgeukia mke wangu nikarudia maneno yaleyale: maji si tunayaona wenyewe?

Mkaguzi wa nyumba tulimleta, na simlaumu. Alipanda darini, akafungua mabomba yote, akapima soketi moja baada ya nyingine. Ripoti yake ilikuwa na kurasa 30 hivi. Kuhusu bwawa kulikuwa na mstari mmoja tu: lipo, halikuwa sehemu ya ukaguzi. Niliusoma mstari huo. Nikageuza ukurasa.

Siku ya tatu baada ya kuhamia, maji yalikuwa yameshuka chini ya safu ya vigae vya ukingoni. Nikasema ni jua. Nikachukua mpira, uleule, nikaongeza. Miezi miwili iliyofuata nairuka, haina cha kusimulia zaidi ya mimi na mpira kila jioni, na bili ya maji niliyoificha kwenye droo ya soksi.

Kisha jioni moja tukasahau. Asubuhi maji yalikuwa yameshuka hadi chini ya skima, kile kidirisha cha ukutani kinachonyonya majani na uchafu wa juu. Pampu ilikuwa imevuta hewa usiku kucha. Sili ya pampu ya bwawa, kile kiungo kinachozuia maji yasivuje, hupozwa na maji yanayopita ndani ya pampu. Ikikosa maji inajichemsha yenyewe. Yetu iliungua, na harufu yake ilifika mpaka jikoni.

Fundi aliyekuja hakugusa pampu. Aliomba ndoo.

Nilidhani anatania. Aliijaza maji ya bwawa, akaiweka kwenye ngazi ya pili ya bwawa, akaigandamiza kwa jiwe isielee, kisha akabandika utepe sehemu mbili: usawa wa maji ndani ya ndoo na usawa wa maji ya bwawa kwa nje. Alifunga pampu ya muda, akasema iwake mfululizo, tusiogelee, tusiongeze hata tone, tuonane kesho saa hizi. Maelezo yake yalikuwa mepesi hata mtoto angeelewa: ndoo na bwawa vinapigwa na jua moja na upepo mmoja. Vikishuka sawa, ni jua. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, kinachozidi kinakwenda ardhini.

Kesho yake ndoo ilikuwa imeshuka milimita 5. Bwawa lilikuwa limeshuka milimita 30.

Akachukua kalamu akaandika juu ya boksi la klorini. Bwawa letu lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 4, yaani uso wa mita za mraba 32. Toa milimita 5 za ndoo kwenye 30 za bwawa, zinabaki sentimita mbili na nusu, na juu ya uso huo hizo ni lita 800. Kwa siku moja. Kina chake cha wastani ni mita moja na nusu, kwa hiyo lote linabeba lita 48,000. Gawanya mwenyewe. Kila siku 60 nilikuwa namwaga ardhini bwawa zima. Ile miezi miwili ya mpira, nilikuwa nimenunua bwawa la pili nikalizika chini ya la kwanza.

Siku iliyofuata akarudia jaribio pampu ikiwa imezimwa, na bwawa likashuka karibu sawa na ndoo. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Akaniambia bwawa lenyewe ni zima. Linalovuja ni bomba, tena bomba la kurudisha maji bwawani kutoka kwenye pampu, kwa sababu hilo ndilo linalojaa presha pampu ikiwaka. Kama maji yangepotea sawasawa pampu ikiwaka na ikizimwa, angeanza kutafuta ufa kwenye ukuta au pembezoni mwa taa. Kuna rangi wanayoidondosha polepole karibu na ufa, ukaiona inavyovutwa ndani.

Akaziba midomo ya mabomba, akayatia presha njia moja baada ya nyingine huku akitazama mshale wa geji, kile kipima presha. Njia ya kwanza mshale ulitulia. Ya pili ukatulia. Ya tatu ulishuka mbele ya macho yangu, taratibu, bila haraka yoyote. Bomba hilo lilipita chini ya sakafu ya pembe ya kina kirefu. Tukasogeza chungu cha maua, watu wawili, kilikuwa kizito. Chini yake vigae vilikuwa vimetitia, na kati ya sakafu na ukingo wa bwawa kulikuwa na mwanya wa kuingiza kidole.

Zawadi ile.

Nilitaka tuyamwage maji yote siku hiyohiyo, kwa hasira tu. Fundi akakataa katakata. Bwawa tupu kwenye ardhi iliyolowa linaweza kuinuliwa na maji ya chini, likaelea kama mtumbwi, likapasuka. Mabwawa mengi yana valvu chini ya kuachia msukumo huo, lakini valvu iliyoziba ni sawa na kutokuwa nayo. Na ardhi yangu ilikuwa imelowa kwa maji niliyoyalipia mwenyewe. Ikabidi tuvunje sakafu, tubadilishe bomba, bwawa likiwa limejaa. Hela iliyotumika ilikuwa ya kutengeneza paa. Paa bado linasubiri.

Mtaniuliza kama nilimshtaki muuzaji. Mkataba ulisema naichukua nyumba na vyote vilivyomo kama vilivyo, na saini chini yake ni yangu. Nilimpigia mara moja. Akaniuliza kama maji bado ni safi.

Sasa dada yangu, na wengine wote mnaosoma mkijiambia "sisi hatuwezi kufanyiwa hivyo", nisikilizeni. Watu husema kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mbuzi wangu hakuwa guniani, alikuwa juani, nimesimama mbele yake namsifia. Maji safi hayathibitishi kitu. Maji yenye pH, yaani kipimo cha uchachu, ya 6.8 yanang'aa vilevile huku yanakula plasta na shaba iliyomo ndani ya hita. Yanatakiwa yawe kati ya 7.2 na 7.8. Maji yenye upungufu wa kalisi (kalsiamu) nayo yanang'aa, na kalisi yanayoikosa yanaifuata kwenye plasta yako. Pitisha kiganja ukutani chini ya maji. Kikikwaruza kama msasa, plasta imeanza kuliwa, na kuipiga upya si kazi ya wikiendi.

Leta fundi wa mabwawa. Simaanishi mkaguzi wa nyumba, wala binamu yako anayejua kuogelea. Mlete kabla ya kusaini, na umlipe wewe, asilipwe na dalali. Mwambie muuzaji mapema kwamba ndoo italala pale usiku mbili na mpira wa maji utakuwa umefungwa. Ukisikia "hiyo haina haja", umeshapata nusu ya jibu. Pampu iwake mbele yako, na usimame karibu: mapovu yakiwa yanazunguka ndani ya kikapu cha pampu, kuna mahali upande wa kunyonya panapoingiza hewa. Tazama geji ya chujio. Uliza mchanga wa chujio umebadilishwa lini. Kwa kawaida hukaa miaka mitano hadi saba, na anayetunza bwawa lake hujibu bila kukuna kichwa. Mtu wa kukuna kichwa ongeza maswali. Omba risiti. Omba kibali cha ujenzi. Na leta fundi, nimeshasema, nasema tena.

Kama nyumba iko kwenye nchi ya baridi na bwawa limefungwa kwa majira, huwezi kulijaribu hata ulete mafundi kumi. Hapo zungumza fedha: sehemu ya malipo izuiwe mpaka lifunguliwe na kupimwa, na iandikwe kwenye mkataba. Ahadi ya mdomo mimi nilipewa nyingi, zote tamu.

Liko jambo ambalo sikulifikiria kabisa wakati nanunua, na ndilo linaloniamsha usiku kuliko hata zile lita 800. Fundi alipozamia kukagua chini, alikuta kifuniko cha tundu la kunyonyea maji kimekatika upande. Nguvu ya pampu kwenye tundu lililo wazi inaweza kushika nywele za mtoto au mwili wake na kumzuia chini ya maji. Mwaka 2002 huko Marekani, Virginia Graeme Baker, msichana wa miaka saba, mjukuu wa James Baker aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alikufa hivyo kwenye beseni la maji moto. Sheria ya vifuniko salama iliyopitishwa mwaka 2007 imebeba jina lake. Watoto wangu walikuwa wameogelea juu ya tundu lile miezi miwili, wakishindana nani atagusa chini. Kifuniko kipya kilikuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote tulivyonunua wiki ile.

Basi fundi akague na hicho, na uzio, na lango linalojifunga lenyewe, na nyaya za taa ya chini ya maji kama zimeunganishwa ardhini na zina kikata umeme cha kuzuia shoti kwa mtu. Baadhi ya nchi hazikuachii hiari. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2003 kwamba bwawa la nyumbani lililochimbwa liwe na kinga: uzio, kengele, kifuniko au paa la kulifunika. Katika jimbo la New South Wales, Australia, tangu mwaka 2016 mkataba wa kuuza nyumba yenye bwawa lazima uambatane na cheti kinachoeleza kama kinga yake inatimiza masharti au haitimizi. Lakini soma cheti cha namna hiyo vizuri kabla hujashangilia. Kinazungumzia uzio na lango. Bomba lililopasuka chini ya chungu cha maua halimo.

Bwawa langu leo ni zima. Naliringia, sifichi. Nina ndoo yangu, nina daftari la vipimo, na nimekuwa yule mtu ambaye akialikwa kwa watu huchungulia chumba cha pampu kabla ya kusalimia vizuri. Mke wangu anasema nimekuwa mhubiri. Anasema pia kwamba yeye alihubiri sentensi moja tu, siku ile, ukingoni mwa bwawa.

Dada aliyeniandikia nilimjibu yote haya kwa ufupi. Jana usiku akanirudia: fundi amepatikana, ndoo iko kwenye ngazi ya pili, muuzaji amenuna. Akaweka na picha. Maji kweli yanang'aa. Nikaivuta picha ikawa kubwa, na upande wa kina kirefu, karibu kabisa na ukingo, nikaona chungu cha maua.

Nimemwomba akisogeze.