Namba zianze upya na 1 kila mkondo (Excel)

Kwa orodha ya wanafunzi wa mikondo kadhaa, tumia COUNTIF (fomula ya kuhesabu), ila alama ya dola ($) iwe upande mmoja tu. Kama mikondo (2A, 2B, 2C) iko safuwima ya B kuanzia mstari wa 2, andika hivi kwenye A2 kisha buruta hadi chini:

=COUNTIF(B$2:B2,B2)

Dola inashikilia mwanzo, mwisho unasogea, kwa hiyo kila mstari unahesabu mkondo wake umetokea mara ngapi mpaka hapo. Mwanafunzi wa kwanza wa 2B anapata 1 hata akiwa mstari wa 48, na hakuna haja ya kupanga orodha kwanza. Ikigoma, weka nukta mkato (;) badala ya mkato (,); inategemea mipangilio ya kompyuta yako.

Angalia nafasi zilizojificha: "2B" na "2B " yenye nafasi mwishoni ni mikondo miwili kwa Excel. Orodha za matokeo ninazoletewa huwa zimejaa uchafu huo, fomula ya TRIM inausafisha.

Kwa maelfu kwa maelfu ya mistari COUNTIF inaanza kuzubaa. Hapo panga kwa mkondo, halafu andika kwenye A2 na uburute hadi chini: =IF(B2=B1,A1+1,1).