Kusawazisha milinganyo ya kemia: uanzie wapi?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, na somo la kemia nalipenda isipokuwa pale tunapotakiwa kusawazisha milinganyo. Katika jaribio moja niliandika H₂ + O₂ → H₂O₂ kueleza jinsi maji yanavyotokea. Atomu zililingana pande zote mbili, lakini mwalimu alinikosesha. Katika swali la gesi ya ethani (C₂H₆) kuungua na kutoa kaboni dayoksaidi (CO₂) na maji, kila nikirekebisha oksijeni, haidrojeni inaharibika, na nikiirekebisha hiyo, oksijeni inaharibika tena. Je, upo utaratibu, au ni kubahatisha tu?

JIBU: Mwalimu alikuwa sahihi. Atomu zako zililingana, lakini ulichotengeneza si maji bali ni haidrojeni peroksaidi, kemikali inayotumika kupausha na kuua vijidudu. Namba ndogo iliyo chini ya alama ya elementi hueleza jinsi molekuli ilivyoundwa, kwa hiyo ukiibadilisha umebadilisha dutu yenyewe. Ruhusa uliyo nayo ni juu ya namba kubwa inayotangulia fomula nzima, ambayo hueleza idadi ya molekuli, na ndiyo maana maji huandikwa 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Sharti la atomu kulingana pande zote mbili hutokana na kanuni ya uhifadhi wa masi, yaani masi haiongezeki wala haipungui dutu zinapobadilika, ambayo Mfaransa Antoine Lavoisier aliifafanua katika kitabu chake cha mwaka 1789.

Kuhusu ethani, nadhani unaanza na oksijeni, na hapo ndipo unapojitafutia taabu. Oksijeni imo katika kaboni dayoksaidi na pia katika maji, hivyo kila ukigusa kimojawapo hesabu yake hubadilika. Iache iwe ya mwisho, kwa kuwa upande wa kushoto imesimama peke yake kama O₂ na unaweza kuiongeza bila kuvuruga elementi nyingine yoyote. Anza na kaboni: C₂H₆ ina atomu mbili, basi weka 2CO₂. Haidrojeni ziko sita, basi weka 3H₂O. Sasa hesabu oksijeni za kulia: nne na tatu, jumla saba. Kushoto zinakuja mbilimbili, kwa hiyo unahitaji O₂ tatu na nusu. Wengi wakiona nusu hufuta kazi yote na kuanza upya, ilhali walikuwa wamebakiza hatua moja tu, yaani kuzidisha kila namba kwa mbili:

2C₂H₆ + 7O₂ → 4CO₂ + 6H₂O

Kaboni ni 4, haidrojeni 12 na oksijeni 14, kushoto na kulia.

Utakapokutana na kundi la atomu linalovuka mshale bila kuvunjika, kwa mfano salfeti (SO₄), usihesabu salfa na oksijeni mbalimbali. Lihesabu kundi zima kama kitu kimoja. Katika Al₂(SO₄)₃ + 3Ca(OH)₂ → 2Al(OH)₃ + 3CaSO₄, salfeti ni tatu kila upande, na makundi ya OH ni sita.