Mwalimu mkuu mpya, anza na kitabu cha mahudhurio

Hongera kwa uteuzi, mwalimu mwenzangu. Umeuliza ufanyeje ili walimu 11 uliowakuta wamenuna waipende tena kazi, na fungu la kuwafurahisha huna. Nimekuwa mwalimu mkuu wa shule mbili za msingi kwa miaka tisa, zote za kijijini. Nikueleze yaliyonikuta.

Shule ya kwanza niliingia na ukali. Ikifika saa moja na nusu napiga mstari mwekundu kwenye kitabu cha mahudhurio, anayesaini chini yake anaandika barua ya kujieleza. Kulikuwa na mwalimu wa darasa la kwanza aliyetoka likizo ya uzazi. Siku 84 zimekwisha, mtoto bado ananyonya, na alikopanga ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Wiki mbili mfululizo jina lake likawa chini ya mstari. Nikamsema kwenye kikao, mbele ya wenzake. Hakujibu neno.

Tangu siku ile walimu wote waliwahi, wakasaini, na kazi ikafa. Vipindi vinaingiwa, madaftari hayasahihishwi. Nikiingia ofisini kwao, mazungumzo yanakatika.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, hapa Tanzania, inampa mama anayenyonyesha muda usiozidi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, wa kumnyonyesha mtoto. Mimi ndiye niliyepaswa kumweleza haki hiyo, badala yake nikamwaibisha. Nilimwomba radhi kikaoni, maana nilikuwa nimemvunjia heshima hadharani. Tukapangua ratiba, akawa anaanza kipindi cha tatu. Mstari mwekundu nikauacha. Anayechelewa namwita peke yake, namuuliza kulikoni kabla sijaandika chochote.

Pesa nazo zina sehemu yake, usidanganyike. Walimu wanajua unapata posho ya madaraka, shilingi 200,000 kwa mwezi, na wao hawana. Wanajua pia kuwa tangu 2016 ruzuku ya elimu bila ada inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Ukikaa kimya watajijazia wenyewe. Mimi nilibandika karatasi ukutani: imeingia kiasi gani, chaki kiasi gani, ukarabati kiasi gani. Sukari na majani ya chai nikanunua kwa posho yangu, wenzangu wakaleta mihogo kwa zamu. Minong'ono ilipungua ndani ya muhula mmoja.

Halafu kuna kupandishwa madaraja na malimbikizo ya mishahara. Mwalimu mmoja akienda wilayani kufuatilia jalada lake, nauli imekwenda na darasa limekaa tupu siku nzima. Kila nilipoitwa kikao halmashauri nilibeba orodha ya shida za wote, nikarudi na majibu, hata yale mabaya.

Kikao chako cha kwanza usikifungue kwa maagizo. Muulize kila mmoja anaishi wapi, anatoka nyumbani saa ngapi, anauguza nani. Yaandike, kisha ndipo upange ratiba na zamu.