Mbwa Wetu Amekufa. Je, Nilikosea Kumtolea Ushuhuda?

Maswali ya wasomaji. Anajibu mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Machame, Kilimanjaro.

Swali: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Njombe. Mwaka jana mume wangu alipata ajali ya bodaboda akavunjika nyonga, akalala ndani miezi mingi. Mbwa wetu Popi alihamia mlangoni pa chumba chake. Mchana yupo, usiku yupo, hata chakula ilibidi nimpelekee pale pale. Usiku mmoja nilikuwa nimekata tamaa kabisa, nikatoka kwenda jikoni, nikamkuta amejikunja mlangoni. Moyo ukaniambia, "Na Mungu naye hajaondoka." Nikapata nguvu. Mume wangu sasa anatembea kwa mkongojo. Popi aligongwa na lori mwezi wa tatu, akafa. Nililia sana. Jumamosi iliyofuata nikatoa ushuhuda jumuiyani. Mzee mmoja wa kanisa akanikatiza, akasema mbwa ni najisi, Biblia inasema mbwa watabaki nje ya mji wa Mungu, na nisirudie kumlinganisha Mungu na mbwa. Wengine wakacheka. Tangu siku hiyo sijarudi jumuiyani. Na mama mkwe anasema kumlilia mbwa ni mambo ya kizungu. Je, nilimkosea Mungu?

Jibu: Asifiwe sana, mama. Hapana, hukumkosea Mungu. Nimelitanguliza hilo ili mengine uyasome ukiwa na amani. Na pole kwa kuuguza, pole kwa Popi.

Mzee wenu hakuitoa habari yake hewani. Ufunuo 22:15 unasema huko nje wako mbwa, na Paulo anawaambia Wafilipi wajihadhari na mbwa. Lakini endelea kusoma mstari ule wa Ufunuo: mbwa wametajwa pamoja na wachawi, wazinzi, wauaji na waabudu sanamu. Orodha nzima ni ya watu. Paulo naye alikuwa anawasema walimu waliowasumbua Wakristo kwa habari ya kutahiriwa. Katika miji ya siku zile kulikuwa na mbwa wa mitaani wenye kula mizoga, wale wale tunaowasoma katika habari ya Yezebeli, kwa hiyo jina lao lilikuwa tusi kali. Tusi hilo lilimlenga binadamu. Popi wako hahusiki.

Biblia hiyo hiyo inawajua pia mbwa wa nyumbani. Yule mwanamke Mkanaani, aliyekuwa akimlilia Yesu kwa ajili ya binti yake, alijibu kwamba hata mbwa hula makombo yaangukayo mezani pa bwana zao. Aliwahi kuona meza, watoto wanaomwaga chakula, na mbwa anayesubiri chini. Akaichukua picha hiyo ya nyumbani akamjibu nayo Bwana, na Bwana akasema imani yake ni kubwa. Ndugu zetu Wakatoliki wana kitabu cha Tobiti katika Biblia yao, na humo mbwa anafuatana na kijana Tobia na malaika Rafaeli safarini. Mbwa yule hafanyi lolote la ajabu. Anaenda nao tu, na mwandishi akaona si vema amwache.

Ila mahali ninapopapenda zaidi, mama, ni 2 Samweli 12, na ningependa mzee wenu apasome nawe. Daudi amezini na mke wa Uria, kisha akafanya Uria auawe. Nabii Nathani anatumwa na Bwana kwa mfalme. Anaingia na habari gani? Habari ya maskini mmoja aliyekuwa na mwana-kondoo jike mmoja tu, amemnunua, amemlea pamoja na watoto wake, anakula tonge lake, anakunywa katika kikombe chake, analala kifuani pake, akawa kwake kama binti. Tajiri akaja akamchukua, akamchinjia mgeni. Daudi akawaka hasira, akaapa mtu huyo anastahili kufa, kabla hajajua kwamba mtu huyo ni yeye. Sasa fikiri. Mungu angeweza kumrudisha Daudi kwa tauni au kwa vita. Alimrudisha kwa habari ya mnyama wa nyumbani aliyependwa. Mfalme alikuwa mchungaji wa kondoo utotoni, alikuwa na mahali hapo laini moyoni, na Roho akaingilia hapo. Mungu akitaka kusema na mama wa Njombe aliyechoka usiku wa manane, atashindwa kupitia mlango kama huo?

Sisi Walutheri tuna ushahidi mwingine wa karibu. Martin Luther alifuga mbwa nyumbani kwake Wittenberg, jina lake Tölpel. Waliokula mezani pake miaka ya 1530 waliandika kwamba siku moja alimtazama mbwa huyo akiwa ameikazia macho nyama iliyokuwa mkononi mwa bwana wake, akatamani naye angeweza kusali hivyo, bila wazo lingine lolote kichwani. Na huyo ndiye aliyetuachia Katekisimo tuliyoikariri kipaimara.

Mimi mwenyewe nina sababu ya kukuamini. Mke wangu alipofariki nilikuwa nimekwisha kustaafu. Nilienda ibadani kila Jumapili, nilihubiri nilipoombwa, lakini nikiwa peke yangu sala haikutoka. Nilikuwa na kinyongo na Mungu, na nilimwambia hivyo. Nyumbani kulikuwa na mbwa anaitwa Chui. Marehemu ndiye aliyemlea tangu kitoto, kwa uji na maziwa. Siku moja akarudi kutoka mgombani paja limechanwa na kipande cha bati, ngozi inaning'inia, anaacha damu njia nzima. Nikamwita daktari wa mifugo. Tulimlaza ubavu juu ya gunia la kahawa, nikamfunga mdomo kwa kitambaa cha kitenge, nikamkandamiza shingo kwa mkono mmoja na mguu kwa mwingine. Ganzi ilichomwa, lakini sehemu moja ya kidonda haikufika. Sindano ya kushonea ilipoingia hapo alilia kwa sauti ambayo sijaisahau, na macho yake akayageuza kwangu. Chui hakumtazama daktari kabisa. Alinitazama mimi.

Nikawa namwambia, "Vumilia, baba, vumilia, nimekushika upone." Maneno yale hakuyaelewa. Alichokijua ni kwamba mikono inayompa ugali kila jioni ndiyo iliyomkandamiza chini anapoumizwa. Daktari alipofunga uzi nikafungua kitambaa, nikasogea pembeni, nikijua atakimbilia mgombani na hatanisogelea siku nyingi. Chui akainuka kwa shida, akajikokota hadi nilipokaa, akaweka kidevu juu ya kiatu changu. Akafumba macho.

Jioni ile nilisali. Sala yenyewe ilikuwa fupi: "Bwana, sielewi, lakini naja hivyo hivyo." Kwa nini mke wangu aliondoka mapema vile sikuambiwa, na mpaka leo sijui. Lakini tangu jioni ile nimekuwa nikisali.

Kwa hiyo ninajua unalolisema. Na kwa sababu ninalijua, niseme pia upande wa pili, maana mzee wenu alikuwa na hofu ambayo si ya bure. Tuna ushuhuda mwingi siku hizi unaoanza na ndoto, ndege, nyoka, hata wingu, na kuishia hapo hapo, Kristo hatajwi. Kiumbe hukumbusha, hakiokoi. Kwamba Mungu ananipenda nilikuwa nimekwisha kuambiwa, na niliambiwa msalabani. Je, kama Chui angeniuma mkono siku ile na kukimbia, Mungu angekuwa amenikataa? La hasha. Angebaki yule yule, nami ningebaki na mkono wa kufunga bandeji. Ndiyo maana somo tunalolipata kwa mnyama tunalipeleka kwenye Neno likapimwe. Lako nimelipima, nalo limesimama. "Na Mungu naye hajaondoka" ni Zaburi ya 121: Yeye aliye mlinzi wa Israeli hatasinzia wala hatalala usingizi. Hata Popi alisinzia pale mlangoni, mama. Yeye hasinzii.

Sasa fanya hivi. Rudi jumuiyani wiki hii, usingoje uitwe. Kabla ya hapo mwendee mzee nyumbani kwake, si mbele za watu. Mpe shikamoo yake, mwambie alivyokukatiza uliumia, kisha someni wote wawili Zaburi hiyo na habari ya Nathani. Nimewafahamu wazee wa kanisa wengi. Wengi wao hulainika wakiheshimiwa na kuonyeshwa andiko. Na wale waliocheka, waache. Mama mkwe usimbishie. Siku moja mkiwa mnachambua mboga mkumbushe kwamba wafugaji wetu, Wamasai na wengine, huwapa ng'ombe wao majina na kuwaimbia nyimbo, na hakuna aliyewahi kuwaambia ni uzungu. Kisha umsikilize, inawezekana na yeye ana mnyama aliyemlilia akiwa msichana.

Swali: Bwana asifiwe. Naandika kutoka Meru, Kenya, sisi ni Wamethodisti. Paka wa binti yangu wa miaka minane amekufa baada ya kula panya aliyekula sumu. Kila usiku ananiuliza kama paka wake yuko mbinguni. Mke wangu anataka nimwambie ndiyo ili alale. Mwalimu wake wa shule ya Jumapili amemwambia wanyama hawana roho, basi. Nimjibu nini?

Jibu: Ndugu yangu, usimdanganye, na usimfungie mlango. Katika Biblia, mwandishi wa kitabu cha Mhubiri mwenyewe aliuliza ni nani ajuaye kama roho ya mnyama huenda chini, na hakujijibu. Mwalimu wa shule ya Jumapili asiwe na uhakika kumpita Mhubiri.

Mwambie yaliyoandikwa. Shomoro mmoja haanguki chini asipojua Baba. Zaburi ya 36 inasema Bwana anawaokoa wanadamu na wanyama. Katika Warumi 8 Paulo anasema viumbe vyote vinaugua vikingoja kuwekwa huru. Nanyi Wamethodisti msione haya kuuliza hayo: John Wesley mwenyewe, mwanzilishi wenu, mwanzoni mwa miaka ya 1780, aliandika mahubiri marefu juu ya mistari hiyo ya Warumi, akatumaini kwamba wanyama nao watarudishiwa uzuri wao Mungu atakapofanya vyote kuwa vipya. Ni tumaini, hakuliita fundisho la lazima. Basi mwambie binti, "Aliyemuumba paka wako anamjua na hajamsahau. Mengine tunamwachia Yeye, naye ni mwema." Mtoto wa miaka minane analibeba hilo vizuri kuliko tunavyodhani.

Halafu chukueni jembe mkamzike wote wawili, kama bado hamjafanya. Kama mmekwisha kumzika, nendeni pale alipo. Hakuna haja ya ibada ya mazishi. Mwache yeye aseme sala ya kushukuru kwa maneno yake, wewe uitikie amina. Ninaamini siku utakapompeleka kwenye msiba wa kwanza wa mtu wa nyumbani atakuwa amekwisha kujifunza kwako namna ya kulia na kushukuru kwa pamoja. Na ile sumu ya panya itoeni nyumbani, wekeni mtego.

Swali: Mchungaji, mimi ni kijana, nimepanga chumba Mbagala. Kuna paka mweusi anakuja dirishani usiku analia kama mtoto. Mhubiri mmoja amenitabiria kwamba ametumwa, nimmwagie maji ya moto huku nikikemea. Jirani alijaribu, paka akamrarua mkono. Nifanye nini?

Jibu: Usimmwagie maji ya moto. Mithali 12:10 inasema mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake, bali huruma za waovu ni ukatili, na kumchoma kiumbe hakujawa ibada kwa sababu umekuwa ukitaja jina la Yesu. Paka hulia hivyo wanapotafutana kupandana, na huja palipo na panya au mabaki ya dagaa. Mungu alipotaka mnyama aseme, punda wa Balaamu alisema kwa maneno, na alisema na nabii aliyekuwa amepotoka. Huyo wa dirishani mwako ana njaa. Kama unaogopa usiku, sali Baba Yetu na ulale. Damu ya Kristo haishindwi na rangi ya manyoya. Funika takataka, tia wavu dirishani.

Jambo la haraka ni huyo jirani. Paka na mbwa huambukiza kichaa cha mbwa, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu kila mara ni kifo. Aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama limeshakauka, kisha aende hospitali leo akaulizie chanjo. Asiende kwanza kwa mhubiri. Nanyi nyote mnaofuga, muulizeni afisa mifugo wa kata yenu lini chanjo inatolewa. Mara nyingi huwa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Wapelekeni mbwa na paka wenu, na watoto waende nanyi wakawashike.