Nimeangalia kitanda cha mtoto, sasa matangazo yananitangazia mimba

SWALI: Asalaam aleikum anti. Nipo Ngamiani hapa Tanga, nina mimba changa na anayejua ni mume wangu tu. Juzi niliangalia bei za vitanda vya watoto kwenye simu, tangu hapo nikifungua habari, nikifungua mapishi, ni nepi na vitanda tu. Jana wifi yangu kaomba simu aangalie matokeo ya Coastal, akaanza kuniuliza maswali. Histori nimefuta ila bado yanakuja. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, na hongera sana, Mungu akujaalie ujifungue salama. Habari ya mimba ni yako, unaisema siku utakayotaka wewe, na kwa kweli inaniuma tangazo kukutangulia.

Ukifuta histori bila kufuta kuki, kuki zinabaki, na mchawi wako yupo humo. Ule ukurasa wa vitanda una vipande vya kampuni za matangazo ndani yake, zinaacha kuki kwenye brauza yako, yaani kijifaili chenye namba, halafu ukienda kwenye mapishi ambako kampuni ileile nayo ipo, inaisoma ile namba inajua huyu ni yule wa vitanda. Mwenye mapishi wala hana habari na wewe.

Sasa fungua Chrome, bonyeza nukta tatu juu, ingia setingi, faragha na usalama, tafuta kuki za watu wa tatu, yaani hizo za kampuni za matangazo, uziweke zizuiwe, kisha futa za zamani. Usisubiri Google wakufanyie, mwaka 2020 walisema watazitoa, wakaghairi, na 2025 wakathibitisha zinabaki. Safari, ile brauza ya iPhone, inazizuia yenyewe tangu 2020. Mimi kwa Android nakushauri Firefox, unaweza kuiongezea uBlock Origin ikakata matangazo yenyewe, na bando linapona.

Ila kuki sio mwisho wa habari. Kama umelogin Google, ulichotafuta kinaweza kukaa kwenye akaunti, hapo kuki huzihitaji kukujua. Ingia kwenye akaunti yako sehemu ya matangazo, zima yale yanayokulenga, na humohumo kuna sehemu ya kupunguza matangazo ya ujauzito na malezi, nenda nayo hiyo kwanza. Halafu setingi za simu, Google, matangazo, futa ile namba ya matangazo ambayo apps zinaitumia.

Ukitaka kuangalia vitanda tena tumia hali fiche (Incognito), yaani brauza isiyohifadhi histori, wifi hatakuta kitu. Lakini tovuti unazoingia na kampuni ya mtandao wako bado wanaona, watu walidhani hawaonekani kabisa mpaka Google wakashtakiwa Marekani mwaka 2020, na 2024 wakakubali kufuta rekodi walizokusanya humo. Na ukimaliza funga tabo zote, maana zikibaki wazi anayeshika simu anazikuta palepale.