Siku mbili Quimper na mama: anzia kanisani

Dada, umeuliza kama siku mbili zinatosha Quimper, mji wa Bretagne magharibi mwa Ufaransa, ukiwa na mama asiyeweza kutembea sana. Zinatosha kabisa. Mji wa kale ni mdogo na sehemu kubwa ni tambarare.

Anzia kanisa kuu la Saint-Corentin. Simameni mlangoni mtazame moja kwa moja hadi altareni: mtaona jengo limepinda katikati, kana kwamba limeinamisha kichwa. Msiharakishe hapo, mama akae kwenye benchi aangalie vioo vya rangi. Mkitoka nje, inueni macho. Kati ya minara miwili kuna sanamu ya Gradlon, mfalme wa hadithi za kale za Bretagne, juu ya farasi. Makumbusho ya utamaduni wa Kibretoni yako hapo hapo jirani, katika jumba la zamani la askofu. Mavazi ya harusi yaliyotariziwa yatampendeza sana.

Mbele ya kanisa ndipo inapoanzia Rue Kéréon, yenye nyumba za mbao za zamani. Jioni kuleni galette, chapati nyembamba za unga wa sarrasin (nafaka iitwayo buckwheat kwa Kiingereza).

Siku ya pili nendeni Locmaria, mtaa wa wafinyanzi tangu 1690. Mnunulie mama bakuli lenye masikio mawili, lililochorwa kwa mkono. Utaona alama za brashi kwenye kila jani.

Na kwenye vibao vya barabarani mtakuta jina la pili, Kemper. Ni Kibretoni, maana yake makutano ya mito: Steir na Odet hukutana hapo mjini. Mwonyeshe mama.